DAMU ILIYOTOLEWA ZAMANI: JE, NI HALALI KUITUMIA KWA KAZI NYINGINE?

Swali tunalotaka kulieleza hapa halimo katika vitabu vya maadili vya walimu wetu wa zamani. Hata hivyo linatuhusu sana. Waganga na wataalamu wanatunza, ndani ya masanduku ya baridi kali, damu na vipande vya mwili vilivyotwaliwa kwa watu tangu miaka thelathini, hamsini, hata sitini na zaidi. Vilitwaliwa kwa kuchungua ugonjwa fulani. Leo mashine mpya zinaweza kusoma ndani yake mambo ambayo wakati ule hakuna aliyeyawaza. Je, ni halali kuvitumia kwa kazi hiyo mpya bila ruhusa ya mwenyewe, ambaye pengine amekwisha kufa?

Tusifikiri ya kuwa hayo ni maneno ya Ulaya na Marekani tu. Damu moja inayojulikana sana katika mambo hayo ilitoka kwetu Kongo. Tena, mtaalamu akifika kijijini, nani anayewaita watu wakusanyike? Mara nyingi ni katekista. Nani anayetangaza habari hiyo mwisho wa Misa? Ni padri. Basi, tusipolifahamu jambo lenyewe, tutakuwa vipofu wanaoongoza vipofu.

Tutaeleza kwanza mambo yalivyotokea, halafu kanuni za maadili, halafu vipingamizi na majibu yake, na mwisho kazi inayotupasa sisi.

I. MAMBO YALIVYOTOKEA

Ndani ya karibu kila chembe hai ya mwili wa mtu mna uzi mwembamba sana ambao wataalamu wanauita ADN. Uzi huo ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, nazo zinafuatana mara milioni elfu tatu hivi. Sehemu ya kitabu hicho yenye kuongoza jambo moja la mwili inaitwa jeni. Mtoto anapokea nusu ya kitabu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hiyo anayesoma kitabu cha mtu mmoja anasoma pia, kwa sehemu, kitabu cha wazazi wake, cha ndugu zake na cha watoto wake.

Mfano mmoja tunaujua sote, ndio ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Mtoto aliye SS amepokea jeni ile kwa baba na kwa mama vilevile, ingawa wazazi wenyewe, walio AS, kwa kawaida hawaugui. Basi karatasi moja ya mtoto inatangaza siri ya watu watatu. Hapo ndipo linapoanza swali letu. Damu ni ya mtu mmoja, lakini habari iliyomo ni ya jamaa nzima.

Tutazame sasa mambo matatu yaliyotokea kweli.

La kwanza ni la kwetu. Mwaka 1959 mganga Arno Motulsky, wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa Seattle, alikuja Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji. Alitaka kujua kwa nini jeni ya SS, pamoja na kasoro nyingine ya damu inayoitwa upungufu wa G6PD, zinaonekana sana mahali penye malaria. Ilikuwa kazi njema. Elimu ya namna hiyo imetusaidia kufahamu ya kuwa mtu wa AS anapata kinga fulani juu ya malaria kali. Damu ikatwaliwa, ikapimwa, ikatunzwa.

Miaka ikapita. Mwaka 1981 waganga wakatambua ugonjwa mpya, ndio SIDA, na mwaka 1983 virusi vyake vikaonekana. Watu wakaulizana: umeanza lini ugonjwa huu, tena wapi? Ndipo wataalamu walipokumbuka damu za zamani. Wakapima zaidi ya 1,200 zilizotwaliwa Afrika kati ya miaka 1959 na 1982. Mwaka 1986 wakatangaza ya kuwa moja katika hizo, ya mwanamume wa Léopoldville, iliyotwaliwa mwaka 1959, ilikuwa na alama za virusi vya SIDA. Mwaka 1998 wengine wakafaulu kusoma vipande vya maandiko ya virusi hivyo. Tena mwaka 2008 wataalamu wa nchi za nje, wakishirikiana na Wakongo, walitangaza ya kuwa wamesoma virusi katika kipande cha mwili wa mwanamke mmoja, kilichokatwa mwaka 1960 na kutunzwa Kinshasa ndani ya parafini. Wakalinganisha maandiko ya virusi hivyo viwili, wakaona ya kuwa yametofautiana sana, maana yake virusi vilikuwa vimekwisha kuishi kati ya watu kwa muda mrefu. Wakahesabu ya kuwa shina lao ni la karibu mwaka 1908, yaani kati ya 1884 na 1924. Mwaka 2014 wengine wakaonyesha ya kuwa ugonjwa ulianza kuenea kutoka Kinshasa karibu mwaka 1920, ukafuata njia za mto na za reli, mpaka Lubumbashi na Mbuji-Mayi.

Tusidharau faida ya kazi hiyo. Kulikuwa na watu waliosema na kuandika ya kuwa SIDA ililetwa na dawa ya kukinga polio, waliyopewa watu wa Kongo kati ya 1957 na 1960. Maneno hayo yaliwatia wazazi hofu juu ya chanjo. Lakini kama virusi vilikwisha kuwapo kati ya watu miaka mingi kabla ya dawa ile, dawa haiwezi kuwa ndiyo mama yao. Damu ya mtu wa Léopoldville na kipande cha mwanamke yule viliisaidia kweli. Hata hivyo tuseme wazi: mtu yule hakuulizwa kama damu yake ipimwe SIDA, wala hakuna aliyeweza kumwuliza mwaka 1959, kwani jina la ugonjwa huo lilikuwa bado kuzaliwa.

La pili lilitokea Marekani. Wahavasupai ni kabila dogo la wenyeji wa asili, lisilofika watu elfu moja, wanaokaa chini ya bonde kubwa la Grand Canyon katika jimbo la Arizona. Walikuwa wakiteswa sana na kisukari. Tangu mwaka 1990 wengi wao waliwapa damu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ili wachungue sababu ya ugonjwa huo. Karatasi waliyotia sahihi ilikuwa na maneno mapana, lakini masikioni mwao lilikuwa limeingia neno moja, kisukari. Baadaye damu ile ikatumiwa kwa kuchungua ugonjwa wa akili, na kuoana kwa watu wa ukoo mmoja, na safari za mababu wao kutoka Asia. Lakini wazee wao wanafundisha ya kuwa kabila lilianzia palepale bondeni. Mwaka 2003 waliposikia habari hizo waliona aibu na uchungu mkubwa. Wakashitaki. Mwaka 2010 chuo kikakubali kuwalipa watu 41 dolari 700,000 na kurudisha damu iliyobaki. Watu wa kabila walikwenda wenyewe kuichukua, wakasali mbele yake, kwani wengine kati ya walioitoa walikuwa wamekwisha kufa.

La tatu pia ni la Marekani. Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alitibiwa kansa mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Waganga walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwuliza. Alikufa mwaka uleule, naye alikuwa na umri wa miaka 31. Lakini chembe zake hazikufa. Ziliendelea kuzaana ndani ya vyombo, zikapelekwa dunia nzima, zikasaidia kutengeneza dawa nyingi, hata chanjo ya polio. Mwezi wa Machi 2013 wataalamu wa Ulaya wakatangaza hadharani maandiko yote ya jeni za chembe hizo, pasipo kuwauliza watoto na wajukuu wake, ambao sehemu ya maandiko hayo ni yao. Jamaa walipolalamika, maandiko yakaondolewa. Mwezi wa Agosti mwaka uleule serikali ya Marekani ikapatana nao: anayetaka kuyasoma atapeleka ombi, na watu wawili wa jamaa watakuwa kati ya wanaoliangalia ombi lenyewe.

II. KANUNI ZA KUFUATA

1. Mwili wa mtu si bidhaa, wala elimu si bwana wa yote. Papa Pio XII alilifundisha neno hilo wazi mwezi wa Septemba 1952, alipozungumza na wataalamu wa magonjwa ya neva. Aliangalia sababu tatu ambazo waganga wanazitoa: faida ya elimu, faida ya mgonjwa mwenyewe, na faida ya watu wote. Zote tatu ni njema, lakini hakuna hata moja isiyo na mpaka. Mganga hana uwezo juu ya mgonjwa kupita ule aliopewa na mgonjwa mwenyewe. Na mgonjwa naye si bwana kamili wa mwili wake, bali ni mtunzaji. Wala mtu si kama kidole, ambacho kipo kwa ajili ya mwili tu. Mtu ana heshima yake mwenyewe mbele ya Mungu. Mwezi wa Mei 1956 Papa huyohuyo alieleza ya kuwa mwili wa marehemu nao si kitu kitupu. Ulikuwa makao ya roho, na jamaa zake wana neno la kusema juu yake.

2. Damu iliyotolewa kwa uchunguzi ni amana. Tukumbuke habari ya mfalme Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli. Alitamani maji ya kisima cha Betlehemu, na watu wake watatu wakapenya katikati ya adui wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamwaga mbele ya Bwana, kwa sababu machoni pake maji hayo yalikuwa kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Kwa haki ya desturi maji yalikuwa yake, yamo mkononi mwake. Lakini aliona ya kuwa kitu kilichopatikana kwa kujitoa kwa mwingine hakitumiwi kwa kufuata tamaa tu. Vivyo hivyo mwenye kushika damu ya watu katika laboratwari ni mtunzaji wa amana. Ile ya kuwa imo ndani ya sanduku lake haimfanyi bwana wake. Na walimu wa maadili wanafundisha tangu zamani juu ya amana, yaani depositum: anayetunziwa kitu hawezi kukitumia kwa kazi nyingine bila ruhusa ya mwenyewe.

3. Kuna ruhusa inayodhaniwa. Hapa ndipo ufunguo wa swali letu ulipo. Walimu wetu wanaita kwa Kilatini licentia praesumpta. Tutoe mfano. Usiku mama mjamzito amezidiwa, na hospitali iko ng'ambo ya maji. Jirani ana mtumbwi, lakini amesafiri. Je, tutauchukua? Ndiyo, tena bila dhambi, kwa sababu tatu: hatuwezi kumwuliza, tunajua ya kuwa kama angalikuwapo angalikubali, na mtumbwi hautaharibika. Asubuhi tutampasha habari na kumshukuru. Lakini kama jirani ameketi pale ufukoni, hatuna haki ya kudhani; tumwulize. Kama amekufa, na watoto wake wamo nyumbani, tuwaulize watoto. Na kama tunataka mtumbwi kwa kupeleka samaki sokoni ili tupate fedha, hapo hatuwezi kusema ya kuwa jirani alikubali kimoyomoyo.

Basi ruhusa inayodhaniwa ni halali yakitimia masharti manne: mwenyewe asiweze kuulizwa, wala walio mahali pake, kazi mpya iwe ya namna ambayo mtu mwema wa hali yake angaliikubali, asipate hasara wala aibu, yeye au watu wake, na faida imrudie kwa njia fulani, yeye au watu wake. Sharti moja likikosekana, ruhusa imekosekana.

Sheria za mataifa zinafuata njia karibu na hiyo. Tangazo la Helsinki, lililowekwa na waganga wa dunia mwaka 1964 na kutengenezwa tena mara nyingi, linataka mtu aulizwe kabla ya damu yake kutumiwa, na pale isipowezekana kabisa, kamati ya maadili ihukumu kwanza. Nalo tangazo la UNESCO juu ya habari za jeni za watu, la mwaka 2003, linasema ya kuwa habari zilizokusanywa kwa shabaha moja zisitumiwe kwa shabaha nyingine isiyopatana na ruhusa ya kwanza, ila mwenyewe akikubali tena, au sheria ya nchi ikiruhusu kwa ajili ya faida kubwa ya watu wote.

4. Jamaa nao wana haki. Kwa kuwa kitabu cha ADN ni cha ukoo, ruhusa ya mtu mmoja haiwezi kufungua siri za wote. Wazungu wengi wamelitambua neno hilo kwa shida, kwani wamezoea kumtazama mtu peke yake. Kwetu si neno geni. Nani kati yetu angeuza kaburi la babu bila kuwakusanya wazee? Lakini tujihadhari na upande wa pili: wazee wa ukoo hawawezi kumlazimisha mtu kutoa damu yake. Haki ya jamaa inaongezwa juu ya haki ya mtu, haiifuti.

Tuyapime sasa mambo matatu tuliyoyaeleza. Kwa Wahavasupai jirani alikuwa ameketi ufukoni. Walikuwa hai, wanajulikana, kijiji chao kinajulikana, nao walikuwa na neno la kukataa. Kudhani ruhusa yao kulikuwa kosa juu ya haki. Kwa Henrietta Lacks mwenye mtumbwi alikuwa amekufa, lakini watoto wamo nyumbani. Kosa la mwaka 2013 lilitengenezwa vizuri, kwa sababu jamaa walipewa kiti mezani. Tuangalie ya kuwa hawakutaka kazi ife, walitaka kuulizwa.

Na mtu wa Léopoldville? Hapo tunaona ya kuwa ruhusa inaweza kudhaniwa. Jina lake halikutangazwa, hakuna njia ya kumwuliza, na kazi yenyewe ilikuwa kutafuta chanzo cha ugonjwa uliokwisha kuua watu zaidi ya milioni 40 duniani. Mtu mwema angekubali. Lakini sharti la tatu na la nne linatudai tusiishie hapo. Aibu haikuanguka juu ya mtu mmoja. Ilitaka kuanguka juu ya nchi nzima, kwa sababu watu wa mbali waliposikia neno Kinshasa walisema ya kuwa Wakongo ndio walioleta ugonjwa duniani. Hiyo ni dhuluma. Virusi vilitoka kwa nyama wa porini vikaingia kwa watu, tena vilienea kwa sababu ya miji, reli, mito na kazi zilizowatenga wanaume na wake zao. Havikutoka katika ubaya wa taifa fulani. Anayetangaza habari ya jeni au ya ugonjwa wa watu ana deni la kutangaza na habari hiyo pia. Na juu ya faida, haki inataka Wakongo wawe kati ya wanaoichungua damu ya Wakongo, na dawa zinazopatikana ziwafikie wagonjwa wa hapa. Kazi ya mwaka 2008 iliyofanywa pamoja na wataalamu wa Kinshasa ilikuwa hatua njema katika njia hiyo.

III. VIPINGAMIZI NA MAJIBU

Wengine watasema: wafu hawana haki tena. Tunajibu: maiti hana haki kama mtu aliye hai, ni kweli. Lakini sisi walio hai tuna wajibu juu yake. Yosefu aliwaapisha ndugu zake wachukue mifupa yake watakapotoka Misri. Vizazi vikapita, na wale walioapa walikuwa wamekufa zamani. Hata hivyo Musa aliichukua. Amana haifi pamoja na mwenye kuiweka.

Wengine watasema: damu iliyotolewa ni zawadi, na zawadi hairudishwi. Tunajibu: aliyetoa sadaka kwa ajili ya yatima amekwisha kuitoa, lakini padri hawezi kuinunulia pikipiki. Zawadi inafuata nia ya mtoaji. Sheria ya Eklesia inatufundisha vivyo hivyo juu ya matoleo ya waamini.

Wengine watasema: jina limefutwa, basi hakuna anayedhurika. Tunajibu kwa namna mbili. Kwanza, jina linaweza kupatikana tena. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walionyesha ya kuwa waliweza kutambua watu ambao ADN yao ilikuwa imewekwa bila majina, kwa kuilinganisha na vitabu vya nasaba katika intaneti. Pili, Wahavasupai hawakuhitaji kutajwa mmoja mmoja. Jina la kabila lilitosha kuwatia aibu.

Wengine watasema: faida ya wengi inashinda uchungu wa mmoja. Tunajibu: Papa Pio XII amekwisha kuijibu hoja hiyo. Faida ya wote ni sababu ya kumwomba mtu, hata kumsihi. Si sababu ya kumnyang'anya.

Mwisho wako wengine, hasa kati ya vijana wetu wenye uchungu juu ya mambo ya ukoloni, watakaosema: damu yote iliyotwaliwa wakati wa Wabelgiji iteketezwe, maana ilitwaliwa chini ya amri. Uchungu wao tunauelewa. Wakati ule watu waliitwa wapimwe ugonjwa wa malale kwa amri ya Serikali, wakapanga mistari, na asiyefika aliadhibiwa. Lakini kuiteketeza amana si kuirudisha. Mwenye mali akidhulumiwa, haki inataka mali irudi mikononi mwake au mwa watoto wake. Haitaki itupwe mtoni. Damu ile ni ya Wakongo. Kwa hiyo wanaoitunza, popote walipo, wawape Wakongo habari yake, na Wakongo wawe na neno la mwisho: kuichungua, kuitunza au kuizika kwa heshima. Wahavasupai waliirudisha damu yao, na hayo yalikuwa haki yao. Jamaa ya Henrietta Lacks waliiacha kazi iendelee, na hayo pia yalikuwa haki yao.

IV. KAZI INAYOTUPASA

Ya kwanza. Padri au katekista akiombwa kuwakusanya watu watoe damu au mate, asikubali upesi kwa sababu mgeni ana barua yenye muhuri. Aulize: Mnatafuta nini? Damu itatunzwa wapi, na kwa miaka mingapi? Mkitaka kuitumia kwa kazi nyingine mtarudi kutuuliza? Nani atatuletea majibu? Kamati ya maadili ya hapa nchini imekubali? Mtaalamu mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Watu wetu wanapotoa damu, mara nyingi hawaiamini karatasi. Wanaliamini neno la katekista wao. Neno hilo lisipotezwe bure.

Ya pili. Tuwaeleze watu kwa lugha yao, wala si kwa maneno ya karatasi. Kama mtu amefahamu kisukari tu, ruhusa yake ni ya kisukari tu, hata kama karatasi inasema mengine kumi. Na anayetaka kukataa akatae bila kuonewa. Asinyimwe dawa wala asisemwe vibaya mbele ya wenzake.

Ya tatu. Tutazame vitabu vyetu wenyewe. Sheria ya Eklesia, katika kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vile vya zamani vitunzwe vizuri. Katika Québec, nchini Kanada, tangu mwaka 1971 wataalamu wamekusanya ndoa zilizoandikwa na mapadri wa zamani, wakatengeneza nasaba kubwa inayoitwa BALSAC, nayo imesaidia kuchungua magonjwa ya kurithi. Ni kazi nzuri. Lakini inatufundisha ya kuwa kitabu cha ubatizo ni nusu ya kitabu cha jeni: kinamtaja baba, mama, mahali, mwaka, na pengine neno la siri juu ya mtoto asiye na baba. Basi anayekuja kupiga picha vitabu hivyo kwa simu aonyeshe kwanza ruhusa ya Askofu. Tusimfungulie kabati kwa sababu ya urafiki tu.

Ya nne. Katika maandalio ya ndoa, karatasi za SS na AS tunazoziona zimetolewa kwa wachumba wenyewe, ili wajue na kuamua kwa hiari. Zisikae wazi ofisini, wala zisizungumzwe katika baraza la parokia. Baada ya ndoa zirudishwe kwa wenyewe. Hilo tunaweza kulianza leo, bila kungojea sheria ya Serikali.

Tusiwafundishe watu kuwaogopa wataalamu. Mkristu anayetoa damu yake ili jirani apone anafanya tendo la mapendo, nasi tumsifu. Lakini kwa sababu ni mapendo, lazima aijue njia ambayo damu yake itapita, naye awe na haki ya kuulizwa njia ikibadilika.

Kwa mkutano wa mapadri na makatekista wa dekania tunapendekeza kesi hii ijadiliwe. Hospitali ya misioni ina damu kavu ya watoto, iliyotunzwa juu ya karatasi tangu miaka ishirini kwa kupima SS. Chuo kikuu kinaiomba sasa ili kuchungua kansa. Majina ya wazazi yameandikwa, na wengi wao wangali wanasali katika parokia ileile. Je, mkubwa wa hospitali aweza kuitoa? Aanzie wapi, kwa nani, na kwa maneno gani?